Kitabu Nilichokikataa Kwa Kuogopa Kuumbuka

Mimi ni mwongo, tena mwongo wa kuvaa tai. Wacha niseme leo, kifua kimenijaa.

Miaka ya themanini nilifundisha saikolojia ya mwaka wa kwanza katika chuo kimoja cha ualimu, Kitale. Nilisifika kwa noti zangu. Wanafunzi waliandika mpaka vidole vikawauma, wakaniita profesa. Nami nikaitikia!

Kumbe noti zote nilizinakili neno kwa neno kutoka kitabu kimoja nilichokifungia kabatini nyumbani.

Siku ya kuchagua vitabu vya kiada, mwenzangu Mwalimu Nekesa, mama mpole wa Bungoma, akaweka kitabu mezani. Kilikuwa kilekile cha kabatini kwangu!

"Hii iko rahisi, Mwalimu," alisema. "Na iko na sura mzima ya watoto wenye hawasikii vizuri. Hiyo sisi hatufundishi."

Kweli hatukuifundisha. Sura hiyo niliiruka nikinakili, kwa uvivu tu.

Nikawaza wanafunzi wakikifungua na kukuta maneno yangu yote humo. Nikakohoa. "Hii ni ya zamani, bana. Ati chuo mzima isome kitabu ya wazee?"

Wenzangu walicheka. Nekesa akakirudisha kwenye kikapu chake, macho chini. Tukachagua kinene cha ng'ambo ambacho hakuna aliyekielewa, basi wote wakategemea noti zangu. Nilifurahi, Mungu anisamehe!

Miaka ya tisini nikakutana na mwanafunzi wangu wa zamani sokoni Myanga. Alikuwa akifundisha darasa la kwanza. Alinisalimu kwa mikono miwili, kisha uso ukambadilika.

"Mwalimu, kuna mtoto nilichapa mwaka mzima. Nikimwita haitiki, nikadhani ni kiburi. Juzi hospitali wakasema ni masikio. Saa hii akiniona anajificha kwa mamake. Hiyo maneno ya masikio ulitufundisha lini? Ama sikuwa darasani siku hiyo?"

Hapo ndipo nilipopaswa kusema ukweli. Nikasema, "Labda hukuwa."

"Pole sana, Mwalimu," akanijibu, machozi yakimlengalenga. Aliniomba msamaha mimi! Nikaupokea, nikaenda kununua ndizi.

Sijakanyaga Myanga tena.

Nyinyi mnaowachagulia wengine vitabu, nawasihi: kama kitabu kizuri kitakuumbua, kubali kikuumbue. Utachekwa wiki moja, basi. Mimi sikuchekwa hata siku moja. Aliyechapwa ni mtoto ambaye hata jina lake sikuuliza.