Kizuizi Mlangoni Petu

Wakati wa korona nilikuwa naendesha trela kutoka Mombasa hadi Kampala, na sisi madereva ndio tuliokuwa tukiogopwa kuliko ugonjwa wenyewe. Foleni ya mpakani Malaba ilirudi nyuma hadi usione mwisho wake. Tulipimwa, tukangoja majibu, tukapika ugali kando ya magurudumu. Mtu akipaliwa na chai tu, wenzake wote wananyamaza wanamtazama. Mimi nilikuwa nakohoa ndani ya kebini, madirisha nimeyafunga, shuka nimelibana mdomoni nisisikike. Huenda ni vumbi tu, lakini sikuwa na hakika, na niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa barabarani.

Majibu yalipotoka kwamba sina kitu, hati za mzigo nazo zikawa na kasoro ya kungoja irekebishwe, nikaruhusiwa kwenda nyumbani kidogo. Nikapanda pikipiki ya boda hadi Busia, kwenye ploti, ua wenye wapangaji wengi, tulikopanga vyumba viwili, mimi na mke wangu na binti yetu aliyekuwa darasa la kwanza. Nilimbebea bogoya, zile ndizi nene za Uganda anazozipenda. Siku zote nikirudi hunikimbilia getini na kuning'ang'ania mguu.

Siku ile aliponiona alipiga ukelele. Akaingia chini ya kitanda akajibana ukutani, na nilipoinama nimvute, akajikojolea.

Nikabaki nimesimama na bogoya mkononi. Kwanza nilikasirika, sifichi. Hasira zangu haziko mbali. Nikamgeukia mke wangu.

"Umemfundisha nini huyu mtoto?"

"Mimi? Uliza hii ploti yote!"

Akanieleza. Jirani wa chumba cha mwisho, dereva kama mimi, alichukuliwa na watu waliovaa nguo nyeupe toka kichwani hadi miguuni. Binti yetu aliona yote akiwa nyuma ya pazia. Jirani huyo alipona, nilikuwa nimeshaongea naye kwa simu, buheri wa afya. Lakini mwenye ploti alikuwa ameshamtolea vitu nje, kwa hiyo hakurudi kwetu tena. Kwa hesabu ya mtoto, dereva alichukuliwa, basi akaisha. Watoto wenzake wakaanza kumwimbia kwamba anayefuata ni babake. Na kila alipouliza, watu wazima walimwambia aende akacheze, hayo si ya watoto.

"Sasa hata hachezi," mke wangu akasema. "Ni kunawa tu."

Niliiona mikono yake alipotoka chini ya kitanda kuja kula. Ngozi ilikuwa imepasukapasuka kwenye vidole kwa sabuni ya kufulia, na mahali pengine damu ilikuwa imekauka. Alikula matonge mawili akasukuma sahani. Nikisogea, anasogea. Hapo hasira iliniisha, ikabaki hofu tupu. Breki zikikataa kwenye mteremko, najua la kufanya. Hapa sikujua hata pa kuanzia. Niliogopa kwamba mtoto wangu ameharibika, na kwamba hatarudi kuwa yule wa zamani.

Mke wangu alikuwa ameamua kumpeleka mtoto kwa nyanya yake, huko Funyula, asubuhi, awe mbali na malori na maneno ya ploti. Ila nilijua kwamba mtoto akiondoka akiwa hivyo, mimi nitabaki kuwa kitu cha kukimbiwa.

Kulipokucha nikatoka kwenda kuoga. Niliporudi nilimkuta binti yangu ameketi kwenye kigoda mlangoni. Alikuwa ameuziba mlango kwa mpini wa ufagio, na mkononi alishika gunzi la mahindi. Akanielekezea gunzi kwenye paji la uso, kama kile kipimajoto cha mpakani.

"Simama hapo! Usikuje karibu!"

Nina taulo kiunoni, nina povu sikioni, na majirani wote macho kwangu. Nikafungua mdomo nimfokee, maana kodi ya nyumba ile nalipa mimi. Mke wangu akanisemesha kutoka ndani, polepole.

"Mzee, ukifika Malaba huwa unafokea wale watu wa geti?"

"Hapana."

"Unafanyanga nini?"

"Nangoja."

"Basi ngoja."

Kungoja nakujua. Mpakani huonyeshi haraka, unajibu ulichoulizwa, na ukiambiwa rudi nyuma, unarudi. Nikarudi nyuma. Akanipima na gunzi kwa mbali, akatikisa kichwa. "Bado." Nikaketi kwenye jiwe la kufulia. Jirani mmoja akacheka, "Boss, leo umeshikwa!" Nikamwambia hii ni foleni, ajipange nyuma yangu. Binti yangu akauficha uso kwa gunzi, lakini nililiona shavu lake likicheza.

Akaniita tena. Mfuko wa nguo zake za Funyula ulikuwa nyuma yake, umeshafungwa, na moyo ulinienda mbio kuliko siku niliyopimwa kweli.

"Makaratasi?"

Nikampa karatasi yangu ya majibu. Akaipitia kwa kidole.

"Na yule wa chumba cha mwisho, alikuwa na karatasi?"

Kumbe ndilo swali lililokuwa limemkaa kooni muda wote.

"Alipata baadaye," nikasema. "Alikuwa mgonjwa kweli, lakini alipona. Yuko kwao Butula. Tumpigie?"

Tukampigia, simu nikaishika juu ya ufagio, sauti wazi. Jirani akamsalimia, akamuuliza kama bado anaiba mandazi ya mamake. Binti yangu alisikiliza bila kupepesa macho mpaka simu ikakatika. Kisha akaninyooshea gunzi tena, safari hii chini kidogo, kifuani.

"Umebeba nini?"

Swali hilo nimeulizwa kila mpaka niliovuka. Sukari, saruji, mafuta ya kupikia. Nilitaka kusema bogoya, tucheke yaishe. Nikaviangalia vile vidole vyake vilivyopasuka.

"Uoga," nikasema. "Kule kwa foleni niliogopa sana. Nililia ndani ya gari."

Ndani, mwiko uliacha kukoroga uji. Hata mke wangu sikuwa nimemwambia.

Binti yangu akaushusha ufagio, akasogea pembeni ya kigoda, akaniachia nafasi.

"Hata mimi niko nao," akasema. "Mwingi."