Kanuni ya Lami

Marhoon alikuwa na ada ya kujicheka kabla hajachekwa, akiamini kuwa mtu akishajisema mwenyewe, wenzake hubaki hawana la kuongeza. Kitambi chake alikiita mwenzangu. Kiarabu chake, alisema, kilikuwa cha ofisini: kimepigwa pasi vizuri, lakini akikasirika tu, Unguja yote inamtoka mdomoni. Wazazi wake walimleta Muscat akiwa na miaka saba. Sasa alikuwa na hamsini na minane, na bado watu wa sokoni walimuuliza ametokea wapi.

Kazi yake ilikuwa kupanga posho za wauguzi. Mfuko wa hisani uliomwajiri uliendesha vituo vidogo vya afya huko ambako wauguzi hawapendi kukaa: milimani, kwenye ncha za pwani, na jangwani kwa Waharasis, watu walioishi kwenye nchi ile kavu tangu enzi na enzi, wenye lugha yao ambayo hata Mwarabu wa mjini haielewi. Muuguzi aliyepelekwa kwao alilipwa posho ya mbali juu ya mshahara, ili asikimbie. Kwa muda mrefu wakubwa walisumbuliwa na swali moja: mbali ni wapi?

Aliyewapa jibu alikuwa Marhoon. Alhamisi moja mchana, miaka kumi na miwili nyuma, akiwa na haraka ya kwenda soko la samaki la Sidab kabla jodari hajaisha, alichukua ramani na rula akaandika mstari mmoja: mbali ni popote palipo zaidi ya kilomita arobaini kutoka kwenye lami. Wakubwa walifurahi mno. Wakaiita Kanuni ya Marhoon, na jodari naye akapatikana. Kanuni ikatumika miaka yote hiyo bila mwenyewe kukanyaga hata kituo kimoja. Safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa ya Nizwa, mwendo wa saa mbili tu, na alirudi na mafua.

Mwaka huu lami ikafika Ghubar, kituo cha Waharasis kilichokuwa mwisho wa njia ya vumbi. Marhoon alilifuta jina la Ghubar kwenye orodha, kisha akamwandikia muuguzi wa huko barua ya pongezi: kwa kuwa sasa amekaribia, posho yake itakoma mwisho wa mwezi. Aliisoma mara mbili kwa jinsi ilivyompendeza.

Muuguzi mwenyewe alikuwa Eufrasia, Mtanzania wa Bukoba. Marhoon alimjua kwa sauti tu, maana ofisi nzima yeye peke yake ndiye aliyejua Kiswahili, na kila Mtanzania au Mganda aliyeudhiwa na kitu alimpigia simu yeye. Kabla ya Eufrasia, Ghubar ilikimbiwa na wauguzi sita ndani ya miaka miwili. Yeye alikuwa ametimiza minne. Barua hakuijibu, na Marhoon akakihesabu kimya chake kuwa ni shukrani.

Ijumaa moja baada ya alasiri, gari jeupe lililojaa vumbi hadi kwenye vioo lilisimama mbele ya nyumba yake, mtaa wa Al Khoudh. Wakashuka wazee watatu wembamba. Mkubwa wao alijitambulisha: yeye ni Yaqdhan, na wametoka Ghubar.

Marhoon alifurahi kweli. Aliwakalisha barazani, akawamiminia kahawa kwa mkono wake na kuvijaza vikombe pomoni, jambo ambalo kwa mabedui ni sawa na kumwambia mgeni anywe aende zake. Hilo alikuja kuambiwa baadaye. Wazee walivitazama vikombe, wakanywa.

"Habari za kwenu?" akauliza Marhoon, kwa Kiarabu chake kilichopigwa pasi.

"Hakuna habari," akajibu Yaqdhan. "Kheri tu."

"Na kituo?"

"Kheri. Wanawake wanajifungua salama, wazee wanatembea. Alhamdulillahi."

"Basi vyema!" akasema Marhoon, na kwa kuwa hakukuwa na habari, akatoa zake. Aliwaeleza karafuu za babu yake, mafua ya Nizwa, na uzuri wa barabara mpya ambayo hajaiona. Wali ukaletwa, wakala. Jua lilipokuwa linazama wakaaga, naye akawafungia kila mmoja kopo la halwa la njiani. Alirudi ndani amenona kwa furaha.

"Walitaka nini?" aliuliza Hasina, mkewe, akikusanya sahani.

"Hawakutaka kitu. Wamekuja kuniamkia tu. Watu wa adabu wale."

"Kilomita mia tano na hamsini, wakuamkie weye?"

"Kwani mie nna kasoro gani?"

Hasina aliziweka sahani chini. "Hebu nikuulize, baba Nasr. Siku aliyofariki mama, jirani alipokuuliza pale mlangoni habari za nyumbani, ulimjibu nini?"

Marhoon akakumbuka. Alimjibu njema. Mama yake amelazwa chumbani, uso umefunikwa, naye akajibu njema, kwa sababu ndivyo anavyojibu mtu aliyelelewa. Habari yenyewe huitoa akiulizwa tena. Jirani alimuuliza tena, ndipo akalia. Na leo yeye, aliyelelewa vilevile, ameambiwa hakuna habari na watu waliokuja mwendo wa saa sita, akaamini, akawalisha wali.

"Mie punguani," akasema.

"Hilo nnalijua," akasema Hasina. "Mpigie simu huyo muuguzi."

Alimpigia asubuhi yake.

"Shikamoo, mzee Marhoon."

"Marahaba, binti yangu. Wale wazee waliokuja kwangu jana..."

"Wamefika salama. Wanakusifu sana, wanasema umewapokea vizuri. Nikawauliza, na habari ya posho? Wakaniambia, hakuuliza." Eufrasia akavuta pumzi. "Walikuja kukuomba nisiondolewe posho, mzee. Niliwaahidi kwamba nitasubiri majibu yenu kabla sijaamua."

"Mbona wewe hukuniambia?"

"Barua yako ilikuwa ya pongezi. Mtu anaijibuje pongezi?"

Marhoon akavuta kiti, akaketi.

"Sikufichi, mzee, watu hawa nawapenda," akaendelea Eufrasia. "Wamenipa hadi ngamia, yuko hapo nje ana mimba. Lakini nina watoto wawili sekondari kule Bukoba, na shuleni hawapokei ngamia. Bila posho, mshahara wangu hapa ni uleule wa Muscat, na Muscat kuna kanisa, kuna maduka, kuna mtu wa kuongea naye. Hospitali moja ya binafsi imeniita. Wananisubiri mpaka Jumatano, zaidi ya hapo nafasi wanampa mwingine. Na ujue kitu kimoja: hapa nina wazee tisa wenye vidonda vya sukari miguuni. Kila kidonda nakiosha mara tatu kwa wiki. Nikiondoka, sijui nani ataviosha."

"Usisaini," akasema Marhoon. "Nipe hizo siku."

Jumanne kamati ikakutana. Mwenyekiti alikuwa Shurooq, mkurugenzi mpya, umri sawa na binti wa Marhoon, msomi, mwenye kuisifu Kanuni ya Marhoon kwa wageni kwamba ni kanuni pekee ya Mfuko inayoenea kwenye mstari mmoja. Marhoon alisimama mbele yao akaibomoa. Aliwaambia ilivyoandikwa kwa rula na haraka ya samaki. Aliwaambia lami haimpi muuguzi mtu wa kuzungumza naye, wala haimsomeshei watoto. Watu walicheka, naye aliwachekesha zaidi, maana hiyo ndiyo njia pekee aliyoijua ya kusema jambo zito.

"Sasa unapendekeza tupime nini?" akauliza Shurooq.

"Tupime wauguzi wanavyokimbia. Wanapokimbia upesi, hapo ndipo mbali."

"Kwa kipimo hicho, Ghubar ambako muuguzi amekaa miaka minne itakuwa ndiyo karibu kuliko kote."

Kicheko kilichofuata kilikuwa kikubwa kuliko vyote. Marhoon alisimama na karatasi yake, akajiona alivyo: mtu aliyetaka kumwadhibu tena mwanamke yuleyule, safari hii kwa kosa la kubaki. Kisha akasema polepole, bila mzaha, "Basi tumlipe anayebaki. Kila mwaka anaobaki, posho ipande." Shurooq aliandika, akawaangalia wenzake, wakakubali wote.

Marhoon alitoka akiwa karibu kuruka. Karani akamkimbilia kumkumbusha kuwa nyongeza yoyote ya posho huanza kutumika baada ya siku tisini, kwa mujibu wa utaratibu. Marhoon akauliza kwa ukali ni mpumbavu gani aliyeuandika utaratibu huo. Karani akatazama chini, akamwonyesha sahihi. Ilikuwa ni yake, ya miaka tisa nyuma, iliyowekwa ili kuzuia watu wenye pupa. Alirudi kwa Shurooq kuomba sheria yake mwenyewe iwekwe kando, na Shurooq akamjibu kwa upole kuwa fungu la mwaka huu limeshafungwa, mikono yake imefungwa nalo.

"Siku tisini, mzee?" alisema Eufrasia kwenye simu, Jumatano. "Na ada ya muhula huu?" Hakupandisha sauti. Alimshukuru kwa kuhangaika, na jioni ile akasaini mkataba wa hospitali ya Muscat.

Siku tisini zilipotimia, Marhoon alikwenda hospitali hiyo na barua mpya mfukoni, yenye mhuri na posho inayopanda. Alitaka kumbembeleza Eufrasia arudi. Ghubar ilikuwa imempata muuguzi mwingine akakaa siku kumi na tisa. Wa pili alikuwa ameahidiwa tu.

Alipofika kwenye korido ya upasuaji alimkuta Yaqdhan ameketi peke yake kwenye benchi, viatu vya kike vimewekwa sawasawa kando ya miguu yake. Wakasalimiana. Marhoon akamuuliza habari, akajibiwa kheri. Akauliza tena.

"Mke wangu," akasema Yaqdhan. "Kidonda kilipanda. Kituo kilikuwa kimefungwa, tukaja kumtafuta Eufrasia. Yuko naye humo ndani. Mguu wanaukata."

Marhoon alitafuta neno la mzaha, lolote la kujikinga nalo, na hakulipata. Barua ilikuwa mfukoni, naye aliona haya hata kuigusa.

"Kosa ni langu," akasema. "Posho ile niliifuta mimi. Na siku mliyokuja kwangu, sikuwauliza."

"Tunajua," akasema Yaqdhan. "Tulijua siku ileile. Lakini tulikuwa nyumbani kwako, na mtu hamwaibishi mwenyeji wake."

Akajisogeza, akampa nafasi kwenye benchi.