Kioo cha Kiwiko

Baba yangu aliendesha lori la saruji miaka thelathini na moja, na miaka yote hiyo kiwiko chake kilisafiri nje ya gari. Wenzake kazini walimwita Kiwiko. Mkono wake wa dirishani ulikuwa mweusi kuliko wa pili, na marehemu mama alipenda kumtania kwamba ameolewa na wanaume wawili, mmoja wa juani na mmoja wa kivulini, na kwamba huyo wa kivulini ndiye mwenye adabu. Mvua inyeshe, vumbi litimke, kioo cha baba kilikaa chini. Alisema dereva anayejifungia ndani hasikii gari linamwambia nini.

Nayataja haya mapema ili nisionekane mjinga kupita kiasi. Mtu akiwa na tabia ya miaka thelathini, nani ataitazama mara ya pili?

Kiharusi kilimpata mwaka wa pili baada ya kustaafu. Kilichukua upande mmoja wa mwili, kikachukua na ulimi. Neno alilobaki nalo ni moja tu: haya. Chai ipo tayari, haya. Chai imemwagika, haya. Nikamhamishia kwangu, nikampa chumba nilichokuwa nikishonea, na cherehani yangu ikaja sebuleni pamoja na marobota ya vitambaa vya sare za shule. Sikulalamika. Nililalamika kidogo.

Alikuja na gari lake dogo, kuukuu, ambalo alilinunua akiwa bado kazini na kulisifia jambo moja tu, vioo vya umeme. Sasa dereva nikawa mimi. Kila Jumanne nilimpeleka kwenye mazoezi ya viungo, mwendo wa karibu saa nzima, na sehemu kubwa ya njia ni vumbi tupu. Hakukubali kukaa mbele. Mbele dirisha lingekuwa upande wa mkono uliokufa. Alikaa nyuma yangu mimi, ambako dirisha liko upande wa mkono mzima, ule ule mweusi. Kwa hiyo njia nzima nilimpa mgongo, na kwenye kioo cha kutazamia nyuma niliona kofia yake na kipande cha paji la uso.

Vita vyetu vilianzia hapo. Tukitoka tu langoni, kioo cha nyuma kinashuka. Mimi vumbi na pua yangu haviivi chungu kimoja, kwa hiyo nakipandisha kwa swichi za mlangoni kwangu. Anashusha. Napandisha. Kioo cha mlango wa nyuma wa gari lile kinashuka nusu tu, ndivyo kilivyotengenezwa, lakini kidole cha baba ni kama hakikuambiwa. Nusu ikishafika, nilisikia mota inaguna ndani ya mlango, naye bado kabonyeza. Nilimwambia ataiunguza. Akajibu haya, akaendelea.

Tarehe kumi na mbili mwezi wa tatu ikaungua kweli.

Fundi wetu wa umeme wa magari anaitwa Taratibu, na jina limemkaa sawasawa. Ukimpelekea gari asubuhi, beba chakula cha mchana. Kibanda chake cha mabati kimebanana na ghala la mbao, na unga wa mbao unaingia kila mahali. Ana daftari la shule ambamo anaandika kila gari, tarehe na ugonjwa, kama nesi wa zamu, kwa sababu anaamini kitu hakifi bila sababu, na kikifa mara mbili sababu ni ile ile. Alifungua mlango, akatoa mota iliyonuka moshi, akauliza nani anakaa hapa. Nilipomwambia ni dereva mstaafu alicheka. Akasema hao kwa vioo ni wabaya kuliko watoto wachanga. Akaweka mota nyingine, akaandika.

Mwezi wa tano ikakatika fyuzi. Aliibadilisha, ikakatika tena kabla hatujafika nyumbani, tukarudi. Mwezi wa saba mota ya pili ikafa. Taratibu safari hii hakucheka. Alipekua waya wote unaopita kwenye mpira wa bawaba, hakuona palipochubuka. Akaniuliza kama kuna kitu kingine kimebadilika. Nikamwambia hakuna, mzee ni mbishi tu.

Lakini vilikuwepo vilivyobadilika, na kila kimoja nilikipatia jibu langu. Viatu vya baba vilianza kumbana. Nikasema ngozi imesinyaa kwa kukaa bila kuvaliwa, nikamnunulia makubazi mapana. Kisha akawa hataki kulala chali, anataka mito mitatu, halafu asubuhi nikawa namkuta kitini, ameketi, kainamisha kichwa. Nikasema kitanda kile kina bonde katikati. Mtaalamu wa mazoezi alisema siku hizi mzee anachoka haraka, nami nikamjibu kwamba hata mimi nachoka haraka. Mdomo huu. Dalili ya mvua ni mawingu, na mimi mawingu yote niliyaanika kama nguo.

Mwezi wa nane nikapata ujanja. Nilikuwa nimemwona Taratibu akifanya kazi, nikajua kwamba vioo vyote vya gari lile vinapata umeme kupitia kile kibati cha swichi kilichoko mlangoni kwa dereva. Ukikichomoa, milango mingine yote inakuwa kiziwi. Basi kila Jumanne nilipandisha vioo, nikaingiza ncha ya mkasi wangu, nikakinyanyua, nikakichomoa kwenye waya zake na kukitia kwenye mkoba. Tukifika nakirudisha. Hivyo ndivyo nilivyomshinda baba yangu, na naomba ieleweke kwamba nilifurahi. Majirani niliwahadithia, wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Jumanne tatu tulisafiri bila vumbi. Jua lilipiga bati la gari na ndani kukawa na joto la kupikia. Nyuma yangu niliisikia swichi yake iliyokufa: tik, tik, tik. Alibonyeza kutoka langoni mpaka kliniki. Ile kofia kwenye kioo changu ikasogea taratibu mpaka ikaegemea ukingo wa mlango, pale mpira unapokutana na kioo. Nikadhani amesinzia. Tik, tik, tik. Nikaongeza sauti ya redio.

Jumanne ya nne, tulipofika kliniki, kibati kilikataa kushika. Kwa kuchomolewa na kurudishwa kila mara, soketi ilikuwa imelegea, na hakuna kioo hata kimoja kilichosogea. Baada ya mazoezi nikapita kwa Taratibu. Baba akabaki garini, vioo juu.

Taratibu alikitazama kibati, akaona mikwaruzo ya mkasi, akanitazama mimi. Nikakiri. Alikwenda kwenye mlango wa baba, akaufungua, akampa shikamoo, akaitoa swichi ya pale na kuufunga tena mlango kwa sababu wenye ghala walikuwa wanapasua mbao na unga ulikuwa unaruka. Akarudi na swichi mezani, akaipasua kwa bisibisi.

"Dada," akasema, "mzee huwa anapandisha kioo?"

"Napandisha mimi."

Akanisogezea swichi. Ndani kulikuwa na vipande viwili vya shaba. Kimoja kilikuwa safi, kinang'aa. Cha pili kilikuwa cheusi na katikati kimeliwa, kimebaki shimo.

"Hiki ni cha kupandisha, hakijaguswa. Hiki ni cha kushusha. Nimetengeneza vioo miaka mingi, sijaona shaba imeliwa hivi. Mwenye mazoea, kioo kikifika chini anaachia kidole. Huyu kilifika chini akaendelea kubonyeza. Alitaka kishuke zaidi ya hapo. Dada, mzee anapumua vizuri?"

Nilitaka kumwambia anapumua kama watu wengine. Badala yake niligeuka nikatazama gari.

Mdomo wa baba ulikuwa umebanwa kwenye mpira wa mlango, na kioo mbele yake kilikuwa na ukungu mdogo, mdogo kuliko sahani ya chai. Midomo ilikuwa na rangi ya majivu. Nilipoufungua mlango nikaona kidole chake. Kilikuwa ndani ya tundu ambamo swichi ilikuwa imetolewa, kinabonyeza waya mtupu.

"Haya," akaniambia. Nusu yake ilitoka bila sauti.

Taratibu, mtu ambaye sijawahi kumwona akiharakisha jambo, aling'oa ubao wa mlango kwa mikono, akavunja na kizuizi kinachokishikia kioo nusu, akakisukuma chini kwa viganja mpaka kikaingia chote ndani ya mlango, chini kuliko kilivyowahi kufika. Akaingia nyuma, akamkalisha baba wima, nami nikaendesha. Vumbi liliingia gari zima. Nililimeza. Nilikuwa nalia kwa sauti kama mtoto na sikujali nani ananiona.

Hospitali wakamtundikia hewa na dripu. Daktari alikuwa kijana, amechoka, ana kalamu isiyoandika vizuri. Alinieleza kwamba moyo umeshindwa kusukuma, maji yamejaa kwenye mapafu, na kwamba mtu wa namna hiyo kila anapokaa anajiona yuko chini ya maji. Akauliza mzee alianza kukosa pumzi lini. Aliuliza bila kuinua macho, kwa sababu ndugu wa wagonjwa jibu lao ni moja, juzijuzi tu.

"Tarehe kumi na mbili mwezi wa tatu," nikasema.

Akainua macho. Nikamtajia na tarehe ya mwezi wa tano na ya mwezi wa saba. Taratibu alikuwa amesimama pembeni, ana unga wa mbao nywelani na daftari lake mkononi, na hakuna niliposahau, maana tarehe zote zilikuwa daftarini kwake kwa mwandiko wake mzuri, gari, siku na ugonjwa. Daktari akaziandika. Kisha akauliza kwa nini sasa hatukumleta mwezi huo wa tatu, nami nikaupakata mkoba wangu wenye kile kibati.

Leo ni siku ya tatu. Niliwaomba manesi wamsogeze kitanda dirishani, nao hawakunibishia. Kibati cha swichi bado kiko kwenye mkoba wangu, sijui cha kukifanyia. Daktari alipita asubuhi, akasikiliza kifua kwa muda mrefu, akaniambia nikae karibu, nisiende kushona.

Mchana huu baba alikuwa amefumba macho nami nikaona kidole chake kinacheza ukingoni mwa godoro, upande wa mkono mweusi. Kinabonyeza, kinatulia, kinabonyeza. Safari hii sikuhitaji fundi wa kunitafsiria. Niliinuka upesi, nikakizunguka kile kitanda nimfungulie dirisha.

Lilikuwa limefunguliwa mpaka mwisho.