Kopo Tulilovuka Nalo Ziwa

Mtu akifungua kopo la kinywaji cha nguvu karibu nami, ile harufu ya pipi iliyochachuka hunirudisha kisiwani Chisenga, kwenye kibanda cha mama yangu. Mama alikuwa Mkongomani. Alinunua samaki kwa wavuvi na kuwauzia sabuni, sukari na vinywaji hivyo, walivyovipenda sana kabla ya kuingia ziwani.

Mdogo wangu Ilunga alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kukimbia. Asubuhi moja, mama akiwa anapima samaki, Ilunga alikuta kopo limeachwa wazi akalimaliza. Mwanzoni tulicheka, maana alizunguka kibanda bila kupumzika, akiwafokea kuku. Kisha akaanza kutapika. Mikono ikamtetemeka, na nilipomgusa kifuani, moyo wake ulikuwa unakimbia vibaya.

Jirani yetu, Mama Kyungu, akaleta mafuta ya mawese. "Tumunyweshe, atapike yote. Hii njo degedege."

"Hapana," mama akasema. "Mutoto amekunywa kintu. Tunaenda ku hospitali."

Akaacha samaki kwenye mizani, akambeba Ilunga, akaokota lile kopo tupu na kutuingiza kwenye boti. Upepo ulikuwa mkali. Njia nzima hadi Nchelenge, ng'ambo kwenye hospitali, alimlaza kwa ubavu, akimfuta matapishi na kumwita jina. Mama hakulia.

Nesi, mtu wa kabila la Wabemba aliyejua Kiswahili cha sokoni, aliuliza mtoto amekula nini. Mama akamweleza jinsi alivyokataa mafuta ya jirani, kisha akaweka kopo mezani.

"Alikunywa hii, yote. Ni ya kwangu, mi njo nauzishaka."

Wanawake waliokuwa kwenye foleni wakanong'onezana. Nesi akasoma maandishi ya kopo.

"Ni kafeini," akasema. "Mukubwa inamuamsha tu. Mutoto mudogo hivi, ni sumu. Ulifanya muzuri kukataa mafuta, ingeingia mu mapafu."

Wakamwekea dripu, wakambandika nyaya za kupima moyo, wakamchoma dawa ya kutuliza mtetemeko. Mama alikataa kiti. Alisimama pale mpaka vidole vya mwanawe vikatulia, na jioni Ilunga akaomba bukari, ugali wa kwetu.

Wakati ule niliamini mama alikuwa jasiri kwa sababu ya mawimbi. Leo nina watoto wangu, na najua mawimbi hayakuwa kitu. Angeweza kusema ni malaria, na hakuna ambaye angemnyooshea kidole. Wangemtibu malaria, huku moyo wa mtoto ukizidi kukimbia. Mama alichagua kulaumiwa mbele za watu, ili mtoto wake apone.