Injini Itakayopanda Kilima

Siku ile tuliposhuka Kasindi kutafuta gari la mashindano, mwanangu Kavira, naikumbuka mpaka leo, na jasho lake pia. Imenirudia tangu jana uliponitumia ile picha kwenye simu: gari jekundu, boneti wazi, injini kubwa inang'aa, nawe umesimama kando yake unacheka kana kwamba kikombe kiko mkononi. Unaniuliza kama ulinunue kwa mashindano yako ya kwanza kwenye uwanja wa udongo. Ngoja kwanza. Gari hilo nalijua, au tuseme nilimjua ndugu yake, na nilimpenda vilevile ulivyolipenda wewe.

Wakati huo babu yako Kambale, mdogo wangu, alikuwa kijana asiyeonekana nyumbani ila miguu yake tu, maana sehemu yote iliyobaki ilikuwa chini ya gari la mtu. Mama akimwita kula, alitoka mweusi kama sufuria. Alitaka kufungua garage. Baba yetu, ambaye alikuwa katekista, alitaka padri. Tena alikuwa amekwisha kununua sanduku la bati la kwenda nalo seminari, la buluu, akalipanga mashuka na mashati ndani yake na kuliweka karibu na mlango, ili Kambale alione kila akipita. Mdogo wangu alijifunza kupita akitazama upande wa pili.

Ilifika siku vijana wa Butembo walitangaza mashindano ya magari, kule bondeni walikokuwa wakichimba udongo wa matofali. Kambale aliomba ruhusa. Mama alimbembeleza baba juma zima, na baba, ambaye hakupenda kelele ndani ya nyumba, akatoa neno lake mezani.

"Utakimbia mara moja tu," alisema. "Ukirudi na gari mpaka hapa ku mulango, inatembea yenyewe, utafungua garage yako, mi sitasema tena kitu. Mais ukirudi na miguu, sanduku ndiyo ile."

Nyumba yetu ilikuwa juu kabisa ya kilima, unajua mwenyewe, pale ambapo hata mwenye pikipiki humshusha abiria atembee. Nilimwangalia Kambale. Alikuwa amekwisha kusahau kilima, anawaza kikombe.

Gari lilikuwa zawadi ya mjomba Mbusa, kaka yake mama, dereva wa malori aliyekuwa ameacha kazi kwa sababu ya mgongo. Alisema angetununulia moja, na likifa hakuna lingine. Basi tukashuka naye Kasindi, sisi watatu pamoja na Kakule, rafiki yake Kambale wa jirani, aliyekuwa anajitafutia gari lake. Pale mpakani, nyuma ya malori yanayosubiri forodha, kulikuwa na uwanja wa magari yaliyotumika. Ndipo tulipoliona jekundu. Silinda sita, viti vya ngozi, na mwenye kuuza akaliwasha hata kabla hatujamsalimu.

"Yaya, sikia hii moteri!" Kambale alinishika mkono, mimi dada yake mkubwa. "Iko inalia kama simba!"

"Inalia vile sababu bomba yake imetoboka," mjomba akasema.

Hakuna aliyecheka isipokuwa yeye. Kambale alikuwa amekwisha kuingia ndani ya gari, ameshika usukani, anapinda kona ambazo hazikuwapo. Mimi nilikuwa napapasa viti vile vya ngozi. Mjomba akaegemea dirisha.

"Bon, Kambale. Papa yako alisema ulete kikombe?"

"Hapana, mujomba. Alisema nirudishe gari ku nyumba."

"Donc uko unanunua gari ya kushinda, ao ya kurudi?"

Kambale akaachia usukani. Mjomba hakuwa mtu wa kupandisha sauti, na kwa hiyo maneno yake yalikuwa yanauma polepole, yanaendelea kuuma hata umefika nyumbani. "Hapa Kasindi ni chini, kuko joto," akaendelea. "Kule kwetu ni juu, hewa iko kidogo. Hii moteri itatoa moshi mweusi, itakunywa essence yote. Pua yake iko muzito, mu kona itakataa kupinda. Na siku pièce moja inakufa, utaipata wapi mu Butembo? Na weye Masika, mukubwa muzima, uko unaangalia viti!"

Niliondoa mkono wangu haraka, mwanangu, kama mtoto aliyekutwa kwenye sukari.

Akatupeleka kwenye kigari cheupe kilichosimama pembeni, kisicho na sura ya kuvutia mtu yeyote. Silinda nne, injini ileile ya teksi zote za mjini kwetu. Akamwambia Kambale alale chini na kugonga chuma cha chini kwa jiwe, kutoka mbele hadi nyuma, asikilize kama kuna mahali pameoza kwa kutu. Kisha akaomba injini iwashwe na iachwe hivyohivyo. Tulikwenda tukala samaki, tukanawa, tukapiga stori na wabadilisha fedha. Tuliporudi ilikuwa bado inanguruma kwa utulivu, haijachemka, haina moshi. "Moteri yenye haijapata moto inadanganya mutu," mjomba alisema. "Hii imepata moto, na haijabadilika."

Tukarudi na cheupe. Kakule akachukua jekundu. Njia nzima kutoka Kasindi hadi Beni alitupita na kutupungia mkono, na Kambale alikuwa anakaribia kulia. Baada ya Beni, barabara ilipoanza kupanda na baridi kuingia, jekundu lilianza kukohoa moshi mweusi. Hata hivyo lilifika, na mafundi wakaligusagusa kabureta yake mpaka likatulia kidogo.

Sisi hatukugusa injini yetu kwanza. Mjomba alisema pesa na jasho vianzie kwa mtu aliye ndani ya gari. Alimsimamia fundi wa kuchomelea akaweka mabomba ya chuma juu ya kichwa cha dereva, akafunga kiti kwa bolti kubwa, akanunua mkanda wa kweli, akampa Kambale kofia ngumu. Mama ndiye aliyeujaribu mkanda ule. Alijifunga, akasukumwa, akasema sasa anaweza kulala usingizi.

Siku ya mashindano uwanja ulikuwa na matope, na watu walikuwa wamejaa kingoni na kasiksi yao, pombe ya ndizi. Nitakuambia ukweli, maana wewe si wa kudanganywa: jekundu lilishinda. Kwenye sehemu iliyonyooka hakuna aliyeligusa. Kwenye kona lilitoka nje mara kadhaa na kuangusha matairi ya alama, lakini likarudi na kupita wote tena. Kambale alikuwa wa nne. Kakule alibebwa juu juu na kikombe chake, na mdogo wangu akampigia makofi akiwa na uso wa huzuni. Niliumia kwa ajili yake.

Tukaanza kurudi nyumbani, mimi nimekaa kando yake. Chini kabisa ya kilima chetu tukalikuta jekundu limesimama katikati ya njia, mvuke unatoka kila upande, na Kakule amekaa kwenye jiwe, kikombe miguuni, peke yake. Waliombeba walikuwa wamekwenda kunywa.

"Imekufa, Kambale," alisema. "Na mvua iko inakuja. Nikiiacha hapa, kesho sitakuta hata gurudumu."

Kavira, nilijua kilichokuwa kwenye mizani. Kambale angepita tu, angefika mlangoni kwa dakika chache, garage ikawa yake. Akilivuta lile zigo kupanda kilima kile, injini yetu ndogo ingeweza kupasuka, na lile sanduku la buluu lilikuwa linamsubiri. Nilimnong'oneza, "Pita, twende, tutatuma watu." Nilimwambia hivyo kwa sababu nilimpenda.

Kambale alizima injini, akatoka, akaomba kamba.

Tulipanda kwa gia ya kwanza. Kakule alisukuma ubavuni mwa jekundu, mkono mmoja kwenye usukani wake, mimi nikasukuma nyuma, na watu waliokuwa wanatoka shambani wakaweka majembe chini wakasukuma nasi. Injini ilipoanza kupata moto Kambale alisimama, tukaweka mawe nyuma ya magurudumu, tukaacha ipoe, tukaongeza maji, tukaendelea. Mvua ilitukuta nusu ya njia. Nilikuwa nasali kwa sauti, nusu Kiswahili, nusu Kinande, na kila kigari kilipotetemeka moyo wangu ulitetemeka nacho. Hakikupasuka. Kilifika mlangoni kinahema, kinatembea chenyewe, na mwenzake nyuma yake.

Baba alikuwa amesimama chini ya paa. Aliyaangalia magari yote mawili, kisha matope yetu, kisha Kakule aliyekumbatia kikombe.

"Nilisema gari moja," akasema. "Hii ingine iko ya nani?"

"Ya Kakule, papa. Ilikufa kule chini."

Baba akaingia ndani. Tulisikia vitu vinaanguka sakafuni. Akatoka amebeba lile sanduku, tupu, mashuka yote ameyamwaga chini, akaliweka miguuni pa Kambale kwenye mvua.

"Weka bifaa byako humu," akasema. Sauti yake haikuwa sawa, na hakukaa atusikie tukilia.

Sasa nakujibu, mwanangu. Liache jekundu. Chukua gari jepesi, lenye chuma cha chini kizima, na injini ya kawaida ambayo vipuri vyake viko kwenye kila kibanda cha Butembo. Iwashe uisikilize mpaka ipate moto. Anza na mabomba, kiti, mkanda na kofia, ndipo ufikirie mbio. Usitafute injini inayomaliza nguvu zake zote uwanjani. Tafuta itakayobakiwa na kitu baada ya mashindano, kwa ajili ya kilima chako na cha mwingine atakayekwama njiani. Na usimwulize babu yako Kambale. Yeye hadi leo angekuambia uchukue inayonguruma, na angeiponya mwenyewe usiku na mchana kwa furaha.

Lile sanduku la buluu unalifahamu. Ndilo analokalia kila asubuhi mlangoni mwa garage, rangi imekwisha, watu wanadhani ni kiti. Siku utakayopanda kilima na gari lako likitembea lenyewe, hata ukiwa wa mwisho, nitamwambia ainuke akupe. Amekwisha kukubali.

Mungu ashike usukani pamoja nawe, Kavira wangu. Kona zikupokee vizuri, udongo ukupishe, na sisi wazee wako tukusikie unakuja kabla hatujakuona.