Majitu Manene na Jiwe la Mizani Yangu

Mabondia wa uzito wa juu wa siku hizi ni magunia. Nasema hivyo nikiwa na akili zangu, na nilisema hivyo mbele ya watu katika kibanda cha video cha Katwe, jirani na karakana yangu, siku tulipotazama majitu mawili yakigombea mkanda wa dunia. Raundi ya tatu yamekumbatiana. Ya nne yamekumbatiana. Ya tano refa, mtu mwembamba kama mpini wa fagio, anahangaika kuyatenganisha kama mtu anayefungua geti lililoshika kutu. Mchomeleaji mmoja akapiga kelele, "Wapeni godoro walale!" Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nilitema mate nje ya mlango nikarudi kazini.

Nilizaliwa katika kambi ya polisi, baba yangu konstebo kutoka kaskazini. Shule niliiacha darasa la nne, na sijawahi kuililia. Kile ninachojua nilikipata kwa mikono. Ndondi tulicheza kwenye ukumbi wa kambi, juu ya turubai lililotandikwa kwenye maranda ya mbao. Glavu zilikuwa jozi mbili kwa watu ishirini. Unaingiza mkono unakuta jasho la mwenzako bado la moto.

Sikuwa bingwa. Katika mji huu kila mzee mwenye pua bapa anadai alikuwa bingwa, kwa hiyo nataka hilo lijulikane. Mimi nilikuwa yule ambaye mabingwa walimpiga ili wapashe mwili. Ndiyo sababu naijua ngumi ya bingwa kuliko hao wanaoiona kwenye simu. Bondia mzito kuliko wote kambini kwetu alikuwa na kilo themanini na tano akiwa amevaa buti. Alikula posho, ule ugali wa mahindi, na maharage ya sufuria moja na sisi. Alilinda lindo lake, akalala kwa saa tatu tu, akaja akanipiga ubavuni, na mwezi mzima nikiinama kuvukuta tanuru nilimkumbuka. Na wale wa dunia tuliowasikia redioni, mabingwa wa uzito wa juu hasa, wengi walikuwa kipimo hicho hicho. Raundi kumi na tano. Wakiangushwa wanainuka, wanapangusa damu kwa glavu, wanaendelea.

Wa leo ana mpishi, ana mtu wa kumkanda mgongo, ana mtu wa kumshikia simu. Anapigana mara mbili kwa mwaka, na mara moja kati ya hizo pambano linaahirishwa kwa sababu ya bega. Siku zote ni bega! Bega la mwanaume wa kilo mia na ishirini linaumia kabla halijarusha ngumi. Mtoe nyama yote hiyo utafute mtu aliyebaki ndani, utakuta katoto. Nilizoea kusema hivi pale Katwe, na nilisema mara nyingi mno: nileteeni mmoja wa zamani, kilo themanini na tano, huyu gunia wenu hafiki raundi ya sita.

Aliyenisikia kuliko wote ni mtoto wa dada yangu. Ana miaka ishirini na sita, analinda mlango wa duka la vitambaa Nakivubo mchana, jioni anafanya mazoezi. Baba yake alikufa mapema, hivyo mimi ndiye niliyemfundisha namna ya kusimama na kuficha kidevu. Ana mikono mizuri. Anapigana katika uzito ulio chini kidogo ya yale majitu, ambao mwisho wake ni kilo tisini na kidogo. Mwaka huu mtu mmoja anayeandaa mapambano akamtafutia Mkenya wa uzito huo huo, na mshindi angepelekwa kupigana ng'ambo. Dada yangu alikuja karakana akasimama katikati ya mabati, hakukaa hata nilipomvutia kiti.

"Kaka, mtoto nimekupa," akasema. "Apigane na mwenzake. Kwa wale wanene usimpeleke. Ukimpeleka kwa wale, usinijie nyumbani."

"Wanene wenyewe hawajui kupigana," nikamjibu.

"Sikukuuliza kama wanajua."

Nikamwahidi.

Kazi yangu ni kutengeneza sufuria na sigiri za mkaa, na pia nanunua chuma chakavu. Nina mizani ya kusimama, ya zamani, yenye bamba chini na mkono juu, na jiwe la chuma linaloteleza kwenye mkono huo. Mahali anapofanyia mazoezi mtoto hakuna mizani ya maana. Basi kila asubuhi kabla ya kwenda zamu alipita kwangu, akavua viatu, akapanda pale tunapopimia injini mbovu na vipande vya mabati. Mimi mwenyewe nilisukuma jiwe. Tisini na tano. Tisini na tatu. Aliacha posho, akaacha chumvi, akakimbia amevaa koti la mvua juani. Siku mbili za mwisho alikata maji, akawa anatema mate kwenye chupa. Mashavu yakaingia ndani. Ijumaa asubuhi nikasukuma jiwe taratibu, mkono ukatulia kwenye tisini na nusu.

"Umefika," nikasema. "Hivi ndivyo wanaume walivyofanya. Sio wale wa kula ili wawe wazito."

Alicheka kidogo tu, midomo ilikuwa imepasuka.

Upimaji ulikuwa mchana katika ukumbi wa hoteli moja ya Nakasero. Mazulia mekundu, wasichana wa kupiga picha, maji ya chupa mezani ambayo mtoto hakuyatazama. Akapanda. Mizani yao, ya namba zinazowaka, ikaandika tisini na nne na nusu.

Akashuka. Akashikiwa taulo, akavua hata nguo ya ndani, akapanda tena. Tisini na nne na nusu.

Nikapaza sauti. Nikasema mizani yao ni mwizi, nikasema wamehongwa na Wakenya, nikasema mambo mengine ambayo siyaandiki. Mpimaji, mzee wa rika langu mwenye miwani, alichukua jiwe la kilo ishirini lenye mhuri wa serikali, akaliweka juu. Namba zikawaka: ishirini. Akanitazama. "Yako ilipimwa lini, mzee?"

Hapo nikalikumbuka jiwe langu.

Nilipoanza kununua chuma, kabla mtoto huyu hajazaliwa, nilitoboa jiwe la mizani yangu kwa chini, nikamwaga risasi niliyoyeyusha kutoka betri ya gari, nikapaka rangi. Jiwe likawa zito, chuma cha mtu kikawa chepesi. Katwe hilo si jambo. Wauzaji nao wanajua. Wanatia mchanga kwenye makopo na kuyakanyaga. Nilijiambia tunalingana. Miaka ikapita, nikaacha hata kukumbuka kwamba kuna risasi humo. Ndipo nikampima mtoto wa dada yangu kwa jiwe nililowatengenezea watu baki. Kila asubuhi lilimpunguzia kilo nne, na mimi nikampongeza.

Walimpa saa mbili atoe jasho. Jasho gani? Hakuwa na hata machozi ya kulia. Mkenya alikataa kupigana na mtu aliyezidi, na haki alikuwa nayo. Ndipo mwandaaji, kijana wa suti ya kubana, akatujia akitabasamu.

"Mzee, msihuzunike. Uzito wa juu una nafasi. Kuna jamaa wangu wa kilo mia na kumi na nane, mpinzani wake hakuja. Kijana wako yuko juu ya tisini na moja, kwa hiyo ni halali. Kesho saa kumi jioni."

Akamwonyesha kwa kidevu. Lile jitu lilikuwa limekaa kwenye kochi, kofia nyuma mbele, linakula kuku kwa mikono miwili. Nililidharau pale pale. Likainuka kunisalimia, "Shikamoo, mzee," na mkono wangu ukapotelea ndani ya wake kama kijiko ndani ya uji. Shingo yake ilianzia masikioni.

Mtoto alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani. "Mjomba," akasema, sauti kavu. "Si ndiye gunia? Si ulisema kilo themanini na tano zinatosha? Mimi nina tisini na nne. Sema neno moja tu, napanda."

Na angepanda. Kwa neno langu angepanda, siku mbili bila maji, na mimi ningekaa konani nikipiga kelele za raundi ya sita.

"Hupandi," nikasema.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nimesema."

Mwandaaji akanivuta pembeni. "Sawa, mzee, lakini watu wa redio wako hapa. Tuseme ameumia bega. Bega halina maswali."

Jamani, bega! Miaka yote nimewacheka watu kwa bega, kisha hili la kwetu lije kuumia Nakasero, juu ya zulia? Nikamwambia aniitie watu wake wa redio. Nikawaambia kijana huyu hana ugonjwa wowote. Alifunga, alikimbia, alifanya alichoambiwa. Aliyemharibia ni mimi. Mizani yangu imetiwa risasi, ni ya kuibia watu, nami nilimpima nayo. Mtu mmoja nyuma akacheka mpaka akakohoa. Mtoto hakucheka. Alichukua chupa ya maji mezani, akanywa yote bila kuniangalia.

Redio ina miguu. Jumamosi asubuhi wauzaji wangu walikuwa getini kabla sijafungua kufuli. Mama mmoja ambaye ameniletea makopo miaka mingi alikuwa mbele, mikono kiunoni.

"Mzee, ni kweli?"

"Ni kweli."

"Banange, jamani! Na mimi kila nikitia mchanga roho ilikuwa inanisuta, nasema namwibia mzee wa watu!"

Wengine walicheka. Wawili hawakucheka, walibeba chuma chao wakavuka barabara kwa jirani, ambaye jiwe lake nalijua kwa sababu nilimtobolea mimi. Nikachukua moto wa gesi, nikaitoa risasi mbele yao.

Jioni nilikwenda ukumbini na mtoto na dada yangu. Dada alikuwa amesikia yote. Aliniketisha upande wa pili wa mwanawe. Jitu lilikuwa limepatiwa mtu mwingine, fundi pikipiki kutoka Jinja mwenye kilo tisini na mbili, mwili mzuri, miguu myepesi, kipimo cha wazee wetu kabisa. Dakika mbili alicheza vizuri. Alilipiga jitu mara tatu mdomoni na nikajikuta nimesimama. Kisha jitu likamwegemea, likamsukuma kambani kwa tumbo, na mkono mmoja wa kivivu, usio na ufundi wowote, ukashuka kama mfuniko wa tangi. Yule mtu alianguka uso mbele. Hakuinuka. Daktari alipiga magoti pale muda mrefu, na ukumbi mzima ukasikia feni.

Lile halikuwa pambano la ngumi. Lilikuwa kabati limemwangukia mtu. Nalisema mpaka leo: halijui kurusha mkono wa kushoto, halijui kusogea, mabingwa wa kale wangelitoa pumzi likaomba kiti.

"Mjomba," mtoto akasema, macho yakiwa ulingoni. Ilikuwa mara ya kwanza kunisemesha tangu jana. "Wale wako wangemfanya nini huyu?"

"Wangempiga. Raundi ya sita."

"Na mimi?"

Dada yangu alikuwa anasikiliza.

"Wewe angekuua," nikasema. "Wale walikuwa wale. Mimi sikuwa mmoja wao, na wewe bado."

Alitikisa kichwa, sijui kwa kukubali au kwa hasira. Pale chini walikuwa wamemketisha fundi kwenye kiti, anauliza raundi ngapi zimebaki. Mtoto akainuka, akaomba njia kati ya magoti ya watu, akashuka kwenda kumsaidia kufungua glavu.