Mikanda ya Chini

Nyanjige alishona vitu ambavyo mafundi wengine walivirudisha kwa wenyewe: siti za bodaboda, maturubai ya malori ya pamba, mikoba ya mafundi umeme, hata kiti cha kinyozi. Banda lake liko Somanda, mjini Bariadi, kando ya barabara iendayo hospitali, na cherehani yake nzito unaisikia kabla hujamwona mwenyewe. Alizaliwa Kasoli kwa wakulima wa pamba, akaolewa, akafiwa na mume mapema, akamlea binti yake mmoja, Violeth, kwa cherehani hiyo hiyo. Mdomo alikuwa nao. Ukimpelekea siti iliyochakaa atakutania mbele za watu mpaka uone aibu kuikalia.

Mtu mmoja tu ndiye aliyemnyamazisha, naye ni Magese, mume wa Violeth. Si kwamba walikosana. Kwao Wasukuma, mama mkwe na mkwilima wake hawazoeani. Hawali sahani moja, hawashikani mikono, hawakodoleani macho, na mambo ya mwilini hayatajwi kati yao hata kwa kuzunguka. Magese akifika bandani alisimama nje, kichwa chini. "Mwangaluka, mayu," alisema, yaani habari za asubuhi, mama. Mama mkwe alimwitikia huku akitazama kitambaa, na hapo mazungumzo yalikuwa yamekwisha.

Kwa hiyo miaka yote hiyo Nyanjige alijua tu kwamba mkwewe anafanya kazi ya majini huko Lamadi. Yeye alidhani anafuga samaki. Wala hakuuliza, maana angemuuliza nani, na kwa mdomo gani?

Alikuja kujua siku Magese alipoleta mkanda uliokatika. Ulikuwa mpana, umejaa vipande vizito vya madini ya risasi, na pembeni una kitanzi. Nyanjige aliugeuza mara mbili, akamwita Violeth kando.

"Huu ni wa nini?"

"Ni wa kuzamia, mama. Hizo risasi zinamshusha. Mpira wa hewa unafungwa hapo kwenye kitanzi."

"Anazama wapi?"

Violeth akamweleza yote. Magese ni mzamiaji wa kulipwa. Alianzia baharini, Mtwara, kwenye mabomba ya gesi, sasa yuko ziwani, anakagua mabomba ya kuvuta maji na kuchomelea vyuma huko chini kwenye giza. Hewa anapelekewa kwa mpira kutoka kwenye boti. Akipata shida, wenzake wanamvuta juu kwa kamba iliyofungwa kwenye mkanda huo wa kiunoni.

"Kwa hiyo akizimia," Nyanjige alisema polepole, "anapanda kama gunia lililofungwa katikati. Kichwa huku, miguu huku."

"Mwenzao mmoja alipandishwa hivyo mwaka juzi," Violeth alisema. "Alifika juu amekwisha kunywa maji. Na risasi huwezi kuzitupa bila kuufungua mkanda, na ukiufungua, kamba nayo inaachia."

Nyanjige alikaa kwenye kigoda, mkanda mapajani, asijue amkasirikie nani. Mwanamume mzima anakabidhi roho yake kwa kitu ambacho yeye fundi asingekitumia kufunga hata turubai! Wateja wawili walikuja wakamsemesha, hakuwasikia.

Hakuushona ule mkanda. Alianza kitu kingine. Alinunua mikanda mipana ya kufungia mizigo ya malori, ile isiyokatika, akashona mavazi kamili ya mikanda: miwili mabegani, mmoja kifuani, mmoja kiunoni. Nyuma, kati ya mabega, aliweka pete ya chuma ya kufungia kamba, ili mtu apande kichwa juu, uso nje ya maji. Risasi alizitengenezea mifuko miwili ubavuni, kila mmoja una mshikio. Unavuta mshikio kwa mkono mmoja, kitako cha mfuko kinafunguka, risasi zinadondoka, na wewe unabaki umefungwa vilevile. Mwisho akashona mikanda miwili inayotoka nyuma, ikapita katikati ya mapaja na kufungwa mbele. Hiyo ndiyo iliyoshika vyote. Bila hiyo, mtu akining'inia, mavazi yote yanapanda kuelekea shingoni.

Kupima alipima kwa Joakim, dereva wa bodaboda mwenye umbo kama la Magese. Akamvisha, akambana huku akimtania kwamba ameanza kuota kitambi, kisha wakamning'iniza kwenye boriti ya banda mpaka wapita njia wakasimama kucheka. Mavazi hayakusogea hata kidogo. Joakim akashushwa, akaomba soda.

Magese alipokuja kuyachukua, alisimama nje kama kawaida. Nyanjige aliyatoa kwa mkono ulionyooka, macho yako kwenye cherehani.

"Na ile mikanda ya chini uifunge vizuri, baba."

"Sawa, mayu."

Basi. Kiswahili kina maneno yote aliyoyahitaji siku hiyo, na Kisukuma kinayo. Hakutumia hata moja.

Siku ya jaribio aliongozana na Violeth hadi Lamadi. Jumatatu iliyofuata Magese alikuwa anashuka kwenye mdomo wa bomba, kina kirefu, na mavazi haya ndiyo angevaa. Boti ilikuwa imefungwa kwenye gati, maji pale yanafika kifuani. Aliyeshika kamba ni Boniventura, mwenzake wa siku nyingi, mcheshi wa kupitiliza. Magese alipotoka na ile suti ya mpira iliyomganda mwilini, Nyanjige akageuka akatazama mashamba. Ungetaka afanye nini? Alibaki amewapa mgongo muda wote mkwewe akivaa.

Mpango ulikuwa Magese ajifanye amezimia. Alegee kabisa, asijisaidie kwa lolote, winchi ya boti imnyanyue hadi miguu itoke majini, waone kama kichwa kitakaa juu. Nyanjige alisikia maji yakichuruzika, winchi ikilia. Kisha akamsikia Boniventura akicheka.

"Huyu anajua kuzimia huyu! Mama, geuka basi uone kazi yako."

Aligeuka kwa staha, akitazama kwanza boti, kisha kamba, kisha mkwewe. Magese alikuwa ananing'inia amelegea. Mkanda wa kiunoni ulikuwa umepanda mbavuni. Mkanda wa kifua ulikuwa kooni. Na pale nyongani, imekunjwa vizuri na kuzungushiwa selotepu, ilikuwepo mikanda ya chini.

Magese hakuwa amepuuza kitu. Alipoambiwa ya chini, aliona wa kifuani, akaona wa kiunoni, huo ndio uko chini, akaubana kwa nguvu zote kumridhisha mama mkwe. Ile miwili inayoning'inia nyuma alidhani ni ya kubebea spana. Akaikunja isimkwaze.

Nyanjige aliingia majini na kitenge chake, viatu vyake, akasukuma maji kwa mikono mpaka akamfikia, akamkumbatia mkwilima wake mapajani, mashavu yake yakagusa ile suti ya mpira, akamnyanyua. Alikuwa mzito mno. Akapapasa ubavuni, akavuta mshikio mmoja, risasi zikadondoka, akavuta wa pili. Sasa aliweza.

"Shusha!" alisema. "Boniventura, shusha, hajifanyi."

Boniventura alishusha, kicheko kimemkauka. Walimtoa kifaa cha hewa alichokuwa amekiuma mdomoni. Ndicho kilichomzuia kupiga kelele. Uso ulikuwa umevimba, rangi si yake. Violeth alishuka gatini mbio. Kisha Magese akavuta pumzi, ya kwanza ikakwama, ya pili ikaingia na kikohozi kirefu.

Walimkalisha mchangani. Alipofumbua macho, wa kwanza kumwona alikuwa mama mkwe, amelowa, kitenge kimefunguka upande, mikono yake bado iko magotini mwa mkwewe. Unaweza kudhani angeshukuru. Alishtuka kuliko alivyoshtushwa na kifo.

"Mayu," alisema kwa sauti iliyokwaruza, "umenishika."

Nyanjige hakuiondoa mikono. Aliogopa kwamba akiiondoa ataanguka yeye. Alimtazama Violeth.

"Nilikuwa namuua," alisema. "Si ziwa. Mimi, kwa heshima."

Boniventura alijitia kukunja kamba. Nyanjige akachana selotepu kwa meno, akainyoosha ile mikanda miwili, akamgeukia mkwewe, na safari hii akamtazama usoni.

"Hii inapita katikati ya mapaja yako. Inabana kinenani. Ikikuumiza kidogo ndiyo imekaa. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Inabana wapi?"

Magese alitazama mchanga, ziwa, mke wake. Hakuna aliyemwokoa.

"Kinenani, mayu."

Habari ilifika Kasoli kabla yao kufika Bariadi. Jumapili, Nyanjige akitoka kanisani, dada yake mkubwa Apolonia alimpigia simu, sauti ya chini ya mtu anayeuliza msiba.

"Nasikia ulimshika mkwilima kiunoni. Mbele za watu."

"Wamekudanganya."

"Afadhali."

"Nilimshika mapajani," Nyanjige alisema. "Na kesho asubuhi naenda Lamadi kumfunga kwa mikono yangu kabla hajashuka."